Redio Isiyo na Betri

Fundi Mremi wa Pasua alinipa mota iliyoungua,
ya pampu ya mtu aliyehama bila kulipa.
"Chukua," akasema, "shaba haina kesi."
Tukaifumua, kidato cha pili B,
kama wanaofumua sweta ya marehemu,
hadi waya ukafika mlangoni,
ukageuka, ukarudi.

Kila kundi chupa moja ya maji, tupu.
Duru mia na kumi, nikawaambia, ubavu kwa ubavu,
waya usipande mgongo wa mwenzake.
Zabloni akafika themanini na saba, akapiga chafya,
akaanza upya.

Diodi zilikuwa tano, ndogo kuliko punje ya ulezi.
Waliokosa tuliwachomea nyembe jikoni kwa mama Aisia
mpaka zikageuka bluu,
na juu yake ncha ya penseli ikitafutatafuta
kama mkono unaosaka kipele mgongoni.
Antena tuliivuta toka paa la ofisi hadi kwenye mgrivilea.
Nondo ya ardhi tuliichomeka chini ya bomba linalovuja,
uvujaji ambao mkuu wa shule
ameahidi kuuziba tangu Pasaka.

"Betri inakaa wapi?" Kundaeli aliuliza.
Hakuna betri.
"Inachomekwa wapi?"
Haichomekwi.
"Sasa, mwalimu, inakula nini?"

Nikachora wimbi ubaoni, likatoka kama nyoka mlevi.
Kuna mnara mahali, nikasema,
unatikisa kitu ambacho si hewa,
hata pasipo hewa kinatikisika.
Kinapenya ukuta huu. Kinapenya kifua chako
sasa hivi, wewe unawaza chai.
Shaba inakinga kidogo tu, kama sufuria chini ya bati bovu,
na hicho kidogo ndiyo sauti,
na ndicho chakula chake.

Niliyasoma hayo chuoni, nikayafaulu.
Sikuwa nimewahi kuyasikia.

Na saa nne asubuhi hatukusikia kitu.
Nilipaswa kujua: vituo vimehama,
masafa ya kati yamebaki kama uwanja
baada ya soko kuhamishwa.
Makamu akachungulia dirishani:
"Mtihani wa mkoa, wiki tatu."
Nikafuta nyoka ubaoni.
Wa bweni, nikanong'ona, rudini usiku.
Usiku mawimbi yanapanda, yanagonga dari ya dunia,
yanashuka mbali na kwao.

Saa tatu usiku tulipata mvumo mtupu:
taa za mirija, chaja, friji la kantini,
kila kitu chenye waya kikilalamika.
Kisha umeme ukakatika,
Kiboriloni, Njoro, Majengo, mji mzima kizani,
nami, mwenye ndoo ya maziwa kwenye friji,
nikashukuru.

Mtu anasoma kitu.
Lugha hatuijui. Kiarabu, wengine. Kihindi, wengine.
Visikizio vitatu, wanafunzi kumi na tisa,
kila mmoja ahesabu hadi kumi, ampe mwenzake.
Zabloni alihesabu kama anayelipwa kwa siku.
Kundaeli akanishika mkono wa shati:
"Mwalimu. Amekohoa."
Huko aliko, yeyote yule, amekohoa,
na kikohozi kimefika Moshi
bila kulipiwa nauli.

Ya Nakijwa pekee haikusema neno.
Koili yake ilikuwa nzuri kuliko zote, imelala kama nywele zilizosukwa,
na machozi yalikuwa karibu.
Nilimulika kwa simu: ncha bado zina varnishi.
Aliisuka vizuri mno, hakuthubutu kuikwaruza.
Nikampa wembe. Akakwangua, mara mbili, tatu,
shaba ikang'aa kama fizi.
Akaweka kisikizio, akafumba macho,
akainua kiganja ili tunyamaze,
na sisi hatukuwa tunasema.

Ndipo umeme ukarudi.
Mabweni yote yakashangilia,
isipokuwa sisi.